Kwa nini mwezi hauchomozi nyuma ya Kibo ukiwa Moshi, na picha gani upige badala yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kipaimara hapa Moshi mjini. Nina Canon na lenzi mbili, ile ya 18–55 iliyokuja na kamera na nyingine ya 75–300. Mwezi mpevu uliopita nilipanda juu ya ghorofa nikaupiga, ukatoka kama taa ya barabarani, mduara mweupe usio na kitu ndani. Nilipojaribu kuuonyesha mlima, mwezi ukazidi kuungua. Nilipouonyesha mwezi, mlima ukawa giza tupu. Mtandaoni naona watu wana mwezi mkubwa kama sinia umekaa nyuma ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Krismasi ya mwaka huu wa 2026 nitakuwa kwa wazazi Kibosho, na natamani kumpa baba picha kama hiyo aitundike sebuleni. Je, ninunue lenzi kubwa zaidi? Na nyota nazo nazipigaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na habari ambayo hutaipenda. Picha ya mwezi ukichomoza nyuma ya Kibo hutaipata ukiwa Kibosho, hata ukinunua lenzi ya bei ya gari la Noah. Hutaipata Moshi mjini, wala Uru, wala Machame. Kamera yako haina kosa lolote. Ni jinsi mlima ulivyokaa.

Fungua ramani kwenye simu utazame. Kilele cha Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, na Moshi mjini viko karibu kwenye mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini. Ukisimama uwanjani kwa baba ukautazama mlima, umeelekea kaskazini. Mwezi nao unachomoza mashariki. Ni kweli hauchomozi mahali pale pale kila siku: unatangatanga kuelekea kaskazini na kusini, na katika miaka hii unapotangatanga kwa upana mkubwa kuliko kawaida (mzunguko huo huchukua miaka 18 na miezi kadhaa, na kilele chake kilikuwa mwaka 2024 na 2025) unafika hadi nyuzi 28 hivi kutoka mashariki kamili. Zaidi ya hapo hauendi. Kibo kwako iko nyuzi 80 au 90 kutoka mashariki. Hawakutani.

Na hapa kwetu karibu na ikweta mwezi unapanda karibu wima, kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani. Wenzetu wa Ulaya wanaona ukipanda kwa mshazari, ukiteleza pembeni kadiri unavyokwenda juu. Sisi hatuna huo mteremko wa kutusaidia. Ulipochomoza ndipo utakapopandia.

Sasa hizo picha za mtandaoni. Zipo za kweli, zilizopigwa kutoka pande nyingine za mlima. Lakini ile ya mwezi kama sinia, unaoziba kilele chote, imebandikwa. Najua kwa hesabu ya darasa la saba. Upana wa mwezi angani ni nusu ya nyuzi moja tu; nyoosha mkono, inua kidole kidogo, utaona kidole kinaufunika na nafasi inabaki. Nusu ya nyuzi, kwa kitu kilicho umbali wa kilomita 30, ni sawa na mita 270 hivi. Mdomo wa kreta ya Kibo una upana wa zaidi ya kilomita mbili. Kwa hiyo ukiwa umbali wa kilomita 30 mwezi utakaa juu ya Kibo kama chungwa juu ya meza ya chakula. Ukirudi nyuma hadi Arusha, kilomita 80 hivi, mwezi ni ule ule lakini mlima umepungua, na sasa mwezi unafunika kama mita 700. Hapo unaanza kuonekana mkubwa, ila bado si sinia. Anayekuonyesha mwezi mpana kuliko kreta nzima amekata huku akabandika kule. Sina ugomvi naye kama anasema wazi ni kazi ya kompyuta. Wengi hawasemi.

Kwa hiyo wapi? Uende magharibi ya mlima, ili mlima uwe mashariki yako. Na bahati yako, kwa tarehe ulizozitaja, ni kubwa kuliko unavyojua.

Mwezi mpevu wa Desemba 2026 unatimia alfajiri ya tarehe 24, saa 10 na nusu hivi usiku kwa saa zetu. Huo pia ndio utakaokuwa karibu zaidi na dunia kwa mwaka mzima, chini kidogo ya kilomita 357,000 wakati wastani ni 384,400. Usitishwe na neno mwezi mkubwa linalopigiwa debe kila mara: mwezi wa karibu kabisa ukilinganishwa na wa mbali kabisa unazidiana kwa upana asilimia 14 tu, na jicho haliwezi kukumbuka tofauti hiyo. Lenzi inaikumbuka, lakini hiyo siyo sababu ya mimi kukutuma huko.

Nakutuma kwa ajili ya jioni ya tarehe 23, Jumatano. Kwa kuwa mwezi utakuwa bado haujatimia kwa saa kama kumi, utachomoza mapema, nusu saa hivi kabla jua halijazama. Desemba mwezi mpevu unachomoza upande wa kaskazini ya mashariki, na safari hii dira itasoma nyuzi 62 au 63. Ukiwa maeneo ya Sanya Juu, Kibo iko karibu na uelekeo huo. Mlima unaziba nyuzi saba au nane za anga, kwa hiyo mwezi uliokwisha kuchomoza nyuma yake utahitaji nusu saa nyingine kupanda hadi uchungulie juu. Jumlisha. Utachungulia jua likiwa limetoka tu kuzama nyuma yako, au dakika chache baadaye.

Na hapo ndipo uzuri wenyewe. Kilele cha mita 5,895 kinaendelea kuliona jua dakika kama kumi baada ya sisi wa chini kuachwa gizani. Wewe uko magharibi, unatazama ubavu wa mlima unaopokea mwanga wa mwisho. Theluji inakuwa ya rangi ya waridi, na mwezi unatokea juu yake kwa wakati ule ule. Hiyo ndiyo picha ya sebuleni kwa mzee. Inadumu dakika kumi, kumi na tano ukibahatika.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la kwa nini mlima wako ulitoka giza. Uliupiga usiku mwezi ukiwa umeshatimia. Mwezi ni jiwe linaloangaziwa na jua kali. Mlima usiku hauna mwanga huo. Tofauti kati yao hakuna kamera inayoweza kuibeba kwenye fremu moja. Jioni moja kabla ya mwezi kutimia, mwezi unawahi na mlima bado una mwanga, wanalingana. Siku inayofuata mwezi unachelewa, kwa wastani dakika 50, na wakati mwingine zaidi ya saa. Tarehe 24 ukienda Sanya Juu utaukuta mwezi mzuri juu ya mlima mweusi. Watu wengi wanakosea hapo: kalenda inawaambia leo ndiyo mwezi mpevu, wanatoka leo, wakati picha ilikuwa jana. Wasio na programu ya simu na wanaofuata tarehe za Kiislamu wanaweza kukisia kwa masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15. Ya kwanza kati ya hizo ndiyo ninayoipenda mara nyingi kwa mwezi na mandhari pamoja.

Lakini usiende kwa maneno yangu tu. Pakua Stellarium, programu inayoonyesha anga, weka ulipo, weka tarehe, uone mwezi unachomoza uelekeo gani. Kisha kwenye ramani chora mstari kutoka pale unapotaka kusimama hadi Kibo, upime uelekeo. Viwili vikilingana, umefika. Ukisogea kilomita mbili kuelekea kaskazini au kusini, mwezi unahamia bega jingine la mlima. Nenda siku moja kabla ukachague mahali pasipo na nguzo za umeme wala mikaratusi mbele yako. Kutoka Moshi unakunja kulia Boma Ng'ombe.

Na mawingu? Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha, na mlima una tabia zake. Mchana unajifunika, jioni na alfajiri unafunguka, siku nyingine unagoma kabisa. Siwezi kukuahidi. Mimi mwenyewe kuna mwaka nilikwenda pande hizo za Sanya Juu, wilaya ya Siha, mara tatu kwa picha moja, na mara ya tatu ndiyo nilipopata, tena nusu. Ukikosa jioni, kuna nafasi ya asubuhi kwa mwenye ndugu Rombo: huko mlima uko magharibi, na mwezi mpevu unazama upande wa mlima wakati jua linachomoza mgongoni kwako. Ni picha ile ile imegeuzwa, na mara nyingi asubuhi ndiyo mlima uko wazi zaidi.

Sasa tuje kwenye taa yako ya barabarani.

Kamera yako ilitazama fremu yote, ikaona giza sehemu kubwa, ikadhani kazi yake ni kuliondoa hilo giza. Ikaacha shata wazi muda mrefu, mwezi ukaungua. Mtu aliyepiga harusi ukumbini anajua ugonjwa huu: bwana harusi kavaa suti nyeusi, kamera inahangaika na suti, shela la bibi harusi linapotea. Dawa ni ile ile. Weka kwenye M, usiiachie kamera iamue.

Kumbuka mwezi uko kwenye jua la mchana. Upige kama unapiga kitu kilichoko nje saa saba mchana. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni rahisi: tundu la lenzi f/11, na shata iwe moja chini ya ISO (namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Yaani ISO 100, shata 1/100. Ukifungua tundu hadi f/8, shata inakwenda 1/200. Anzia hapo kwa mwezi mpevu uliopanda juu katika anga safi, kisha tazama skrini, ongeza au punguza hatua moja (kila hatua ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Mwezi ukiwa chini karibu na upeo, hewa nene na vumbi vinaumeza mwanga wake (ndiyo maana unaonekana mwekundu kama papai lililoiva), kwa hiyo utapunguza kasi hadi 1/60 au uongeze ISO hadi 200, 400. Kwa mwezi wa nusu ongeza mwanga hatua mbili hivi.

Jambo linaloshangaza watu ni kwamba jiwe lenyewe ni jeusi. Mwezi unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea. Rangi yake inakaribia lami iliyochakaa. Tunauona mweupe kwa sababu umezungukwa na giza. Siku uliponiingia vizuri ukweli kwamba mwezi hauna mwanga wake ilikuwa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote. Nilikuwa Arusha, nimepanga kamera tangu magharibi, nikaanza na 1/200 kama kawaida. Saa 2 na nusu usiku kivuli cha dunia kikaumaliza, mwezi ukawa kama kaa la moto lililofifia, na mimi nikaendelea kubonyeza bila kubadilisha chochote kwa sababu nilikuwa nabishana na jirani. Fremu kumi na moja nyeusi tii. Ilibidi nishuke hadi sekunde nzima kwa ISO 1600 ndipo wekundu ule ukarudi. Nashukuru kupatwa kule kulidumu zaidi ya saa moja na dakika ishirini.

Fokasi fanya kwa mkono. Washa skrini ya nyuma, kuza mara kumi, zungusha polepole hadi ukingo wa mwezi ukate kama wembe. Usiiamini alama ya mwisho wa lenzi. Hizi lenzi za bei zetu zinazunguka kupita hata pale vitu vya mbali kabisa vinapokaa sawa. Kamera iwe juu ya tripodi, kizuia mtikisiko cha lenzi ukizime kama lenzi yako inacho, na utumie kihesabu muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise chochote. Upepo ukiwepo, ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu. Usijidanganye na shata ndefu pia: dunia inazunguka, na mwezi unasogea upana wake wote ndani ya dakika mbili. Kwa milimita 300, sekunde moja inatosha kuuchafua.

Kwa hiyo je, ununue lenzi? Gawa urefu wa lenzi kwa 110 upate upana wa mwezi ndani ya kamera kwa milimita. Lenzi ya 300 inakupa milimita 2.7. Kihisio cha Canon yako kina kimo cha milimita 15 hivi, kwa hiyo mwezi unachukua kama moja ya tano au sita ya kimo cha picha. Ukikata picha kompyutani, kwa kamera ya megapikseli 24 unabaki na mwezi wenye upana wa nukta 700 na ushee. Kwa ukutani pamoja na mlima inatosha kabisa. Lenzi ya 600 ingekupa mara mbili ya hapo na deni. Kama una pesa ya kuchoma, nunua tripodi nzito. Za plastiki zinazouzwa pamoja na taa za TikTok zitakutoa machozi. Lenzi yako ya 75–300 itumie kwenye f/8, maana kwenye 300 ikiwa wazi kabisa inalainika na kuacha ukungu wa zambarau pembezoni mwa mwezi.

Tena, kama unataka mashimo na milima ya mwezini ionekane, mwezi mpevu ndio mbaya kuliko yote. Jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, kila kitu bapa, kama uso uliopigwa flashi. Waswahili tunamsifu mrembo kwa mwezi wa siku kumi na nne, na mpiga picha anautaka wa siku ya saba hadi ya kumi, pale mwanga unapoingia kwa ubavu na vivuli vinalala virefu kwenye mpaka wa giza. Jaribu siku ya saba, ulinganishe mwenyewe.

Kwa jioni ile ya Sanya Juu, linda mwezi. Washa onyo la skrini linalopepesa sehemu zilizoungua. Piga faili ghafi (RAW), siyo JPEG peke yake. Anza f/8, ISO 200, 1/100, na kadiri giza linavyoingia punguza kasi hadi mwezi unapoanza tu kupepesa, kisha rudi hatua moja. Mlima utaonekana mweusi kidogo kwenye skrini; usiogope, faili ghafi lina nafasi ya kuunyanyua hatua mbili tatu. Ikifika mahali huwezi tena kupata vyote viwili, umechelewa, funga begi unywe chai.

Hata hivyo, mdogo wangu, nakushauri usidharau Kibosho. Ulichouliza kwa maneno mawili mwishoni, habari ya nyota, ndicho ambacho upande wenu wa mlima umepewa na wengine wamenyimwa.

Dunia inapozunguka, nyota zinaonekana kuzunguka nguzo mbili za anga. Ya kaskazini, kwa sisi tulioko nyuzi tatu kusini ya ikweta, iko nyuzi tatu chini ya upeo wa kaskazini. Haionekani. Lakini fikiria iko wapi: kaskazini kabisa, chini kidogo ya ardhi. Na Kibo kwenu iko wapi? Kaskazini. Yaani kitovu cha mzunguko wa nyota kimezikwa chini ya mlima wenu. Ukiacha kamera ikitazama Kibo kwa saa moja au mbili, nyota zitachora mapinde juu yake, upinde ndani ya upinde, kama mlima umevishwa upinde wa mvua wa fedha. Mtu wa Arusha akiitazama Kibo hapati hivyo, wa Rombo hapati. Ni ninyi wa kusini, na wa mjini hapo.

Na mbalamwezi inakuwa rafiki badala ya adui. Usiku wa giza Kibo inatoka kivuli tu. Mwezi ukiwepo, theluji inang'aa na msitu unaonekana. Mwezi mpevu una mwanga mdogo kuliko jua mara laki nne hivi, na hiyo inaonekana ndogo sana hadi uifanyie hesabu: f/4, ISO 800, sekunde 15, na mandhari inatoka karibu kama mchana uliotulia. Kwa lenzi yako ya 18, ambayo inafunguka f/3.5, unaweza kabisa. Mwezi wa Juni na Julai unapita upande wa kusini, nyuma yako, na kuuangaza uso wa mlima moja kwa moja, ingawa miezi hiyo ukungu na mawingu ya baridi vinasumbua huko mgombani. Mwezi wa Desemba unapita kaskazini, juu ya mlima, kwa hiyo usiku wa manane unaangaza kutoka nyuma na uso wa kusini unakuwa na vivuli. Wewe piga saa mbili, saa tatu usiku, mwezi ukiwa bado mashariki na mwanga unaingia kwa kulia. Kwa kweli ningechagua siku nne tano baada ya Krismasi kuliko Krismasi yenyewe, pale mwezi unapochomoza usiku umekwenda na kukuachia kwanza nyota nyingi, kisha mwanga. Mwezi mpevu unafuta nyota ndogo zote.

Namna ya kufanya: usipige fremu moja ya saa nzima. Piga fremu fupi nyingi mfululizo, sekunde 30 kila moja, f/4, ISO 400, zikiunganishwa baadaye. Fremu 120 ni saa moja na mapinde ya nyuzi 15. Nyota zinaonekana zimejipinda vizuri kuanzia hapo. Weka kamera kwenye upigaji mfululizo, chomeka rimoti ya waya, funga kitufe chake, ondoka. Zima ile huduma ya kamera ya kusafisha chembechembe kwenye picha za shata ndefu (long exposure noise reduction), la sivyo baada ya kila fremu itakaa kimya sekunde nyingine 30 na mapinde yako yatakuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Rangi ya mwanga (white balance) iweke kwenye 4000K uiache hapo. Betri iwe imejaa na nyingine mfukoni, kwa sababu baridi ya Kibosho inazinyonya. Kuunganisha, programu ya StarStaX ni ya bure na haina ujanja mwingi.

Ukitaka nyota zibaki vitone, bila kuvutika, gawa 500 kwa urefu wa lenzi, na kwa Canon yenye kihisio kidogo kama yako gawa tena kwa 1.6. Kwa 18 unapata sekunde 17. Sema 15.

Njia ya Maziwa, ile sehemu nene yenye vumbi, iko kusini, mgongoni kwako ukiitazama Kibo. Walioko ng'ambo, Amboseli ya Kenya, ndio wanaoipata juu ya mlima, hiyo ni zamu yao. Wewe utaitafuta bila mwezi kabisa, katikati ya mwaka, ukielekea tambarare. Pande za bwawa la Nyumba ya Mungu kuna giza la kweli na maji ya kuakisi. Desemba hiyo sehemu nene imejificha na jua, usiisumbukie. Desemba angalia Kilimia, kale kakundi ka nyota sita saba ambako wazee wa pwani walikatumia kuhesabia mvua na jua. Jioni kako juu.

Kwa simu, kwa sababu najua wadogo zako watakuuliza: gusa mwezi kwenye skrini, shikilia, kisha vuta mwangaza chini hadi uone madoa. Hali ya Pro ikiwepo, anza na ISO 50 na 1/250, kisha ongeza kasi hadi mwezi uache kuungua. Simu za bei kubwa zinazotoa mwezi safi mno kwa zumu ya mara mia, mara nyingi zinautambua mwezi na kuongeza undani wenyewe. Mwezi ni ule ule kila mwezi, hivyo si kazi ngumu kwao.

Nimalizie na mambo ya usiku. Kamera ikitoka kwenye baridi usiiingize ndani ya nyumba yenye jiko la moto ikiwa uchi. Ifunge kwenye begi kwanza, iache saa nzima, la sivyo lenzi itajaa maji. Nje, kagua kioo kila dakika ishirini, umande wa migombani hauna adabu. Na mjulishe mwenyekiti wa kitongoji kwamba utakuwa uwanjani usiku na mitambo. Miaka ya nyuma nilikaa shambani kwa rafiki, Machame, sina taa, nimevaa koti jeusi na kofia ya sufu, na vijana wa ulinzi shirikishi wakanizunguka na marungu wakiuliza naiba nini. Niliwaonyesha skrini. Wakakaa hadi saa tisa wakisubiri mapinde yaongezeke, na mmoja wao alikuwa na chupa ya chai.